Viazi vya Mbegu na Mkwe Wangu

Kazi niliyoijua mimi ni lumbesa. Kama hujui, ni lile gunia la viazi linalojazwa mpaka mdomoni, halafu unajenga kilima juu yake na kukifunga kwa wavu wa kamba. Kuresoi nzima walikuwa wakiniita. Gunia langu likianguka kutoka kwenye lori, halimwagi kiazi. Shule niliiacha wenzangu walipoanza kugawanya, na kugawanya sijui mpaka leo, lakini hayo tuyaache.

Siku hizi lumbesa imekatazwa. Magunia ni madogo, yanashonwa na mashine. Nikakaa nyumbani. Binti yangu akamlilia mumewe, ambaye ni msimamizi wa stoo ya viazi vya mbegu, naye akaniingiza kazi ya kuchagua, kutoa vibovu. Langoni alikuwa anakaa msichana mmoja juu ya jiwe, kila asubuhi, akingoja kibarua. Alisomea kilimo. Nilimpita na aproni yangu mpya, nikamsalimia kama mkubwa.

Kazi yenyewe ni macho. Kiazi chenye ugonjwa wa mnyauko hutoa majimaji kwenye jicho lake, udongo unanata hapo. Ukiachilia kimoja, shamba la mtu limekwisha. Mimi viazi vyote naviona vizima tu.

Sasa kwetu, mkwe hawezi kumkosoa baba wa mke wake, hata kando. Wengine aliwafokea. Akifika kwangu anatazama chini, "Mzee, umeamkaje?" Basi. Nikadhani mimi ndiye fundi.

Siku moja saa ya chai nilirudi ndani kuchukua kofia. Nikamkuta mama tunayefanya naye kazi meza moja amemwaga kreti zangu, anachagua upya, chai yake inapoa.

"Mama, hizo si zangu?"

Akashtuka. "Ni zako, mzee. Tunapokezana. Leo ni zamu yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu uje." Akajaribu kucheka. "Usijali, kwa kufunga gunia hakuna anayekuweza."

"Mkwe wangu anajua?"

"Ndiye aliyetuomba. Na sasa mkubwa wake anauliza mbona meza yetu iko nyuma kila siku. Amempa mpaka mwisho wa mwezi, la sivyo aende."

Jamani. Nilitamani sakafu inimeze. Binti yangu ana watoto shuleni, na mimi ndiye ninayemfukuzisha mume wake kazi.

Nilimpata nje. "Mkwe, mgongo umenishika. Hii kazi siiwezi tena."

Mgongo wangu hauna neno, naye anajua.

"Pole, Mzee," akasema haraka, na kwa mara ya kwanza akaniangalia usoni. Alipumua kama mtu aliyetua mzigo. Angenibembeleza hata kidogo.

Langoni nikavua aproni, nikampa yule msichana. "Ingia. Mwambie msimamizi umetumwa na mzee wake."

"Asante, mzee! Na wewe?"

"Naenda kupumzika."

Sikugeuka nyuma. Yule mama huko ndani bado alikuwa anachagua kreti zangu za asubuhi.