Mama Vyuma na Ahadi ya Kubeba

Tangu mgongo wake ulipofungwa vyuma hospitalini, fundi cherehani huyu alijiona mtu mpya. Mtaa mzima ulimwita Mama Vyuma, naye jina lile alilivaa kama nguo ya sikukuu. Mteja akimwambia apumzike, alijigonga kiuno kwa ngumi: "Hapa hakuna mfupa, mwanangu. Hapa ni nondo!"

Na wiki ile nani angemshika? Binti yake alikuwa anarudi kutoka ughaibuni na mjukuu ambaye Mama Vyuma alimjua kwa simu tu. Kila jioni kitoto kile kilijaza kioo kizima kwa uso wake. "Bibi, utanibeba?"

"Nitakubeba mpaka uchoke!"

Alimshonea gauni la manjano, akalitundika mlangoni, akawa analisalimia kila anapopita.

Siku ya kuwasili ilipofika, mkono haukutulia. Akafagia, akapangusa, akainama kukinyanyua kichwa cha cherehani ya zamani ili afute vumbi chini yake. Kitu kikamchoma juu kidogo ya kiuno, kama sindano inapokatikia ndani ya nguo. Akakirudisha kichwa taratibu.

Wifi yake, muuguzi mstaafu mwenye mdomo mkali kuliko mkasi, alimkuta ameikumbatia meza ya kukatia.

"Wifi, mmeposana na hiyo meza?"

"Baridi tu."

"Baridi gani, na jasho linakutiririka? Twende hospitali."

"Leo? Mtoto anakuja leo!"

"Anakuja jioni. Ukibisha nampigia binti yako sasa hivi, aanze kulia hukohuko uwanja wa ndege."

Daktari aliyemfanyia upasuaji aliitundika picha ya eksirei kwenye mwanga. "Vyuma vyako viko salama kabisa, mama."

Mama Vyuma akamgeukia wifi yake kwa ushindi.

"Lakini pingili ya mgongo iliyo juu ya vyuma imepata ufa."

"Ufa? Mbona sikuanguka!"

"Si lazima uanguke. Katika umri huu mifupa ya akina mama wengi huwa imepoteza ugumu wake. Na pale tulipofunga hapapindi tena, kwa hiyo ukiinama na mzigo, pingili ya jirani ndiyo inayoumia."

Mama Vyuma akaisogelea ile picha. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeshona mkono wa nguo kinyumenyume.

"Kumbe nimetiwa kiraka cha jinzi kwenye shuka kuukuu!"

Maisha yake yote aliwaonya wanafunzi wake kuhusu jambo hilo: kiraka kigumu hakichaniki, linachanika shuka, tena pembeni mwa kiraka. Yeye alikuwa amejisifia kiraka, akalisahau shuka.

"Bila kiraka usingetembea," daktari akasema. "Sasa tulishughulikie shuka. Utachomwa sindano za mifupa, utavaa mkanda, utatembea kidogo kidogo. Ufa ni mdogo, utaunga. Ila kuinua vizito, basi."

"Na mjukuu?"

"Ana uzito gani?"

"Uzito wa mjukuu hauna mizani, daktari," wifi akadakia.

Daktari akatabasamu, lakini akatikisa kichwa.

Njia nzima ya kurudi Mama Vyuma alikuwa akiuvutavuta mkanda mpya. Mkanda ulimbana, na ile ahadi ilimbana zaidi. Mtoto wa umri ule angeelewa nini habari za pingili?

Jioni teksi ya wageni ikasimama nje. Mlango ukafunguka kabla haijazima, kitoto kikachomoka mbio, mikono juu.

"Bibi! Nibebe!"

Mikono ya Mama Vyuma ilinyanyuka yenyewe. Wifi yake akapiga hatua kumzuia. Ndipo jicho la fundi likaiona meza ya kukatia.

"Nipandishie mteja wangu mezani," akamwambia binti yake aliyemfuata mtoto nyuma. "Kwangu hapa mteja anapimwa kwanza."

Binti akamketisha mtoto ukingoni. Sasa walikuwa uso kwa uso. Mtoto akamrukia shingoni, miguu ikauzunguka mkanda, naye bibi akamfumbata, akainusa harufu ya biskuti na safari ndefu. Meza ilichukua uzito. Yeye akachukua vingine vyote.

"Umenibeba!"

"Si nilikwambia?"

"Jamani, isije meza nayo ikapata ufa!" wifi akafoka, huku akijifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha manjano.

"Umechoka?" bibi akauliza.

"Bado!"

"Basi hatushuki."