Kipande Kilichoelea

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Maabara alichukua kipande cha nyama ya mgonjwa kilichochotwa kwa sindano, chembamba kama njiti ya kiberiti, akakidondosha kwenye chupa ya formalini, ile dawa ya kuzuia nyama isioze.

"Kikielea, sindano imechota mafuta. Kikizama, huenda umeupata uvimbe wenyewe. Lakini macho yako si jibu, kijana. Jibu hutoka kwenye hadubini."

La kwanza nililishika. Hilo la mwisho nikalisahau. Nikahamishiwa wilaya mbili, nikarudi mjini kichwa kimenivimba.

Ndipo akaja Mama Neema, mkulima wa alizeti kutoka Mungaa, ana uvimbe kwenye titi. Daktari akamchoma sindano, kipande kikaelea. Mimi, bila kungoja hadubini, nikamwambia, "Nenda nyumbani mama, ni mafuta tu." Wiki iliyofuata akaniletea kuku. Nikamla, tena kwa ugali wa mtama.

Majibu yakaja: sindano iliukosa uvimbe, arudiwe. Simu yake haipatikani. Jamani, nilijichukia! Nikapanda pikipiki hadi Mungaa, nikamkuta shambani anapalilia.

"Mama, nilikosea. Turudi."

Akasimamisha jembe. "Kwa hiyo kuku wangu ulimla bure, daktari?"

Alikuja, lakini akaapa kwamba sindano ya tatu hachomwi.

Wakati huo Daktari Bingwa mgeni alikuwa anajaribu sindano yenye uzi wa kioo ndani, unaopeleka mwanga hadi nchani. Mwanga ukigusa mafuta hurudi kivyake, ukigusa uvimbe hurudi kivyake, na mashine huchora mstari. Mimi nilikuwa nikiicheka, naiita tochi.

Sindano ikaingia. Mstari ulikuwa wa mafuta.

"Bado," akasema Daktari Bingwa, akaisogeza kidogo tu. Mstari ukabadilika. "Hapa. Chukua."

Nikapokea kipande, nikakitia chupani. Kikashuka hadi chini. Safari hii nilifunga mdomo, nikangoja hadubini. Ilikuwa saratani, bado changa, na Mama Neema akapelekwa kutibiwa.

Vijana wangu wa maabara, vyombo vyenu ni vizuri kuliko vyetu, vipendeni. Ila mgonjwa asiporudi, mfuateni.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, Mama Neema alifika mzima, amebeba tetea kwapani.

"Yule wa kwanza nilikupa kwa maneno yako matamu," akasema. "Huyu ni kwa kunifuata Mungaa."

Nililia mbele ya wakubwa wote. Huyo sijamchinja.