Seva Iliyokataa Kuwa Ndogo

Baba alikuwa mwalimu wa kompyuta katika shule moja Kisumu. Likizo yangu ya Kidato cha Tatu aliitwa matanga Bondo, akaniachia seva mpya, toleo la ofisi ndogo, niiingize kwenye domeini ya maabara. Domeini ni ile orodha moja ya majina ambayo kompyuta zote zinaitii, na seva moja ndiyo kichwa chake.

"Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu, "ile ya zamani ibaki mkubwa. Hii mpya iingie chini yake."

Nilielewa. Kwetu mdogo hajengi kabla ya kaka yake.

Lakini toleo hilo lilikataa. Kila nilipoanza upya lilitaka kuwa kichwa. Nafasi ya kuwa mdogo haikuwepo. Mwalimu wa fizikia akachungulia mlangoni.

"Injinia! Mbona kimya? Hata huku kuna matanga?"

"Iko sawa, Mwalimu," nikasema, macho chini.

Haikuwa sawa, na yeye angejua la kufanya. Lakini mimi hata chumvi mezani nilikuwa naona haya kuomba.

Nikazima ile ya zamani, nikaipa mpya jina lile lile la domeini, nikidhani zikikutana zitaelewana. Nilipoiwasha ya zamani ikakuta mkubwa mwingine, ikagoma. Kompyuta za maabara nazo zikamkataa mgeni. Ningezima tu ile mpya, mambo yangerudi. Sikujua. Nikaamua kuishusha ya zamani iwe mdogo, na hilo halikuwezekana bila kuisimika upya. Skrini ikauliza kama nifute diski. Nikabonyeza ndiyo.

Miradi ya Kidato cha Nne, ya mtihani wa taifa, ilikuwa humo. Nakala nyingine haikuwepo.

Baba aliporudi nilimweleza yote nikilia. Hakunipiga. Alikaa, akashika kichwa. Kisha mwalimu mkuu akatuita ofisini.

"Mwalimu, watoto watapeleka nini Ijumaa? Nani alifuta?"

"Ni mimi, Madam," baba akasema.

"Wewe? Si ulikuwa Bondo?"

"Nilifuta kabla sijaondoka."

Akanigeukia. "Na wewe, msichana, unajua nini?"

Nikatikisa kichwa kwamba sijui.

Akamsukumia baba karatasi, aandike barua ya kuacha kazi. Kalamu ya baba haikutoa wino. Nikampa yangu.