Tanga la Yngvild

Majira mawili ya baridi Yngvild alifuma tanga moja. Sufu ilikuwa ya kondoo wake mwenyewe, wale aliotoka nao kwao siku ya kuolewa. Aliisokota, akaifuma kwa kusimama mpaka magoti yakavimba, kisha akaipaka mafuta na lami ya msonobari ishike upepo. Yeye na mumewe, Hroald, walikwisha kubaliana: wangepata mashua yao, wapeleke samaki wakavu sokoni bila kubembeleza nafasi kwa watu.

Katikati ya baridi Hroald akaalikwa karamuni kwa Orm, mkuu wa ghuba. Alirudi asubuhi kichwa kikimgonga, akaketi karibu na moto.

"Mke wangu, jana niliapa."

"Uliapa nini?"

"Niliweka mkono juu ya nguruwe wa kafara wa mungu Frey, watu wote wananitazama. Nikasema tanga bora la ghuba hii litapanda kwenye merikebu ya Orm."

"Tanga lipi?"

Hroald akajikuna. "Kwani tunayo mangapi?"

"Si ungeapia ndevu zako? Hizo angalau ni zako."

"Pombe, Yngvild. Lakini kiapo kile hakirudi nyuma."

Yngvild hakupiga kelele. Alinawa mikono, akaita majirani wawili wawe mashahidi. Akatamka kando ya kitanda kwamba ameachana na Hroald, akatamka tena mlangoni, kama sheria ilivyotaka. Hroald alidhani ni utani, hadi alipoona mtambo wa kufumia unafunguliwa.

"Sasa Orm nimwambie nini?"

"Mwambie uliapia cha mwenzio."

Akahamia kwa kaka yake, Thorgils. Siku ya tatu Orm akafika mwenyewe, akalipapasa lile tanga.

"Kweli ni bora."

"Kweli ni langu," alisema Yngvild.

Orm akacheka mpaka farasi wake akashtuka. "Haya. Basi Hroald atakuja yeye badala ya tanga. Atavuta kasia."

Masika yalipoingia, Hroald akapita kuaga, furushi begani. Yngvild alimpa soksi nene za sufu.

"Utaniombea bahari iwe shwari?"

"Zivae, Hroald. Miguu yako hupata baridi upesi."

Yngvild alisimama pale uani muda mrefu, akimtazama akishuka kilima. Moyo ulimuuma, lakini hakumwita.

Mwaka uliofuata yeye na Thorgils walipata mashua, wakaifunga tanga lile, wakavuka kwenda kisiwa cha Aislandi. Huko mwanamke aliruhusiwa kutwaa ardhi yote atakayoizunguka na mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, wa miaka miwili, toka jua kuchomoza mpaka kuzama. Mtamba wake alikuwa mkaidi, kila hatua kumi anasimama kula.

"Dada, kwa mwendo huo utapata bustani ya vitunguu!" alipiga kelele Thorgils.

"Nyamaza, usimtishe!"

Jua lilipozama alikuwa amezunguka mteremko mzima na kijito chake. Mtamba akajilaza. Yngvild naye akavua viatu, akaketi kwenye ardhi yake.