Mhojaji bora nimeshindwa na swali moja

Kicheko cha Achieng' bado nakisikia.

Leo hapa Riyadh nimepewa tuzo ya mhojaji bora wa maoni kwa simu. Nikiwa jukwaani, bosi akauliza, "Utakubali kwenda kuongoza ofisi yetu ya Jeddah?"

Ndoto yangu hiyo. Lakini Jeddah simjui mtu.

Nikasema, "Sijui."

Mimi! Ninayewabana watu kutwa wachague jibu!

Achieng', jirani yangu wa meza ofisini, akacheka peke yake, kisha akapaza ile sauti yetu ya kazini, ya kumbana kila anayejibu "sijui": "Dada, kama ungelazimika kuchagua, ungeegemea upande gani?"

Ukumbi mzima ukavunjika mbavu.

"Jeddah," nikajibu kabla sijawaza.

Haya, chekeni nanyi. Hedifoni nimeshamwachia Achieng', na tiketi nimekata.