Nilijazia viatu kurasa za riwaya, siku moja aliyeiandika akaketi kwenye kibanda changu

Wakuu, hamjambo. Mimi humu ni wa kusoma tu, naingia, nacheka, natoka. Leo nimeona na mimi nitoe langu. Chumvi sijaongeza, na palipo na aibu yangu nimepaacha palivyo.

Mimi ni fundi wa viatu Kariokor. Akala za matairi, sandali za ngozi, na viatu vya kufunika vya wanaume.

Sasa kiatu cha kufunika ukikiacha kitupu mezani kinabonyea. Lazima ukijaze karatasi kisimame. Sisi tunanunua karatasi kuukuu kwa gunia kutoka kwa jamaa anayezizoa mashuleni. Hakuna fundi anayeangalia zimeandikwa nini.

Mwaka juzi jamaa aliniletea magunia mawili ya kitabu kimoja. Kimoja tu! Nilipoona jalada nikacheka. Ilikuwa set book yetu, ile riwaya ya lazima tuliyofanyia mtihani wa form four. Jina la kitabu silitaji, mwandishi mwenyewe hapendi mambo ya mtandao.

Enzi zetu kitabu hicho kilikuwa mfalme. Kila mwanafunzi alikuwa nacho, na mwizi wa darasani alianza nacho. Kulikuwa na miongozo ya kukieleza, na waigizaji walizunguka nacho shule kwa shule. Halafu silabasi ikabadilishwa, kikaingia kingine, na kabla ya muhula kuisha hakuna aliyekitaja tena.

Kusema ukweli mimi sikukisoma. Nilisoma mwongozo, tena wa kuazima.

Basi nikachana. Majalada nikakatia pateni za kupimia soli, kurasa nikajazia viatu, nyingine nikawagawia majirani.

Asubuhi moja, miezi michache iliyopita, akaja mama mmoja wa Ziwani, tumwite Bi Rukia. Buibui safi, sweta juu yake, miwani imefungwa uzi. Nilimjua kwa sura tu, kwamba ni mwalimu mstaafu. Makubadhi yake yalikuwa yamekatika mkanda. Nikampa kigoda asubiri.

Akachukua kiatu mezani, akachomoa karatasi iliyokuwa ndani, akainyoosha juu ya goti polepole.

"Fundi, hii umeitoa wapi?"

"Takataka tu hiyo, mama. Ni set book ya kitambo, siku hizi haina kazi."

Akatikisa kichwa kama anayekubali. "Ndiyo. Niliiandika mimi."

Wakuu, msharasi niliokuwa nikitobolea ngozi ulinidunga kidole. Nilianza kuomba msamaha kama mtoto aliyevunja sahani ya wageni. Yeye akacheka.

"Usijisumbue, mwanangu. Mimi nilipokuwa nauza maandazi pale nyumbani niliyafungia kurasa za vitabu vya wenzangu. Lakini niambie, kizima unacho?"

Sikuwa nacho, magunia yote mawili nilikuwa nimeyachana. Na yeye hakuwa nacho hata kimoja. Nakala zake zote aliwaazima wanafunzi, na mnajua kitabu kikiazimwa. Waliokichapisha waliacha zamani. Wauzaji wa vitabu mjini walimwambia, "Hiyo ilitoka kwa silabasi, mama, hatuweki."

Wala hakukitaka kwa ajili yake. Dada yake mkubwa, Bi Salma, alikuwa kitandani nyumbani kwake Makadara, hali si nzuri. Hadithi ya kitabu ni ya huyo Bi Salma, msichana aliyeacha shule ili mdogo wake asome. Kilipotoka alikasirika kwamba maisha yake yameanikwa, akakataa kisifunguliwe nyumbani kwake. Hakuwa amewahi kusikia hata mstari mmoja. Siku mbili kabla ya hapo ndipo akasema mwenyewe, "Niletee hicho kitabu chako unisomee, kabla sijaondoka."

Na kitabu mimi nimekijazia viatu!

Nilivua karatasi kwenye kila kiatu mezani. Nikapita vibanda vyote nilivyogawa. Kamaa, fundi wa kibanda cha jirani, akatoa bunda chini ya kiti alichokalia. Siku tatu tukawa tunapanga kwa namba za kurasa. Zikatimia zote, isipokuwa karatasi moja, ukurasa wa 63 na 64.

Bi Rukia akasema ataiandika upya. Akaketi kwenye kigoda na kalamu, akaandika, akafuta, akaandika, akafuta.

"Nilikuwa na miaka thelathini na kitu nilipoandika hii," akasema. "Yule mwanamke simpati tena."

Akatusomea mwisho wa ukurasa wa 62. Mvua inanyesha, mdogo anatoka kwenda shule, dada yake amesimama mlangoni.

Kamaa, ameinamia kiatu chake, hakuna aliyemuuliza, akasema, "'Vaa sweta yangu. Mimi baridi imenizoea.' Eleza muktadha wa dondoo hili. Alama nne."

Tukamgeukia.

"Si hiyo ndio ilikam kwa mock yetu! Hiyo page nilicram mpaka nikaiota."

"Ulipata ngapi?" Bi Rukia akauliza.

"Mbili, mathe."

Mama alicheka mpaka akavua miwani. Kisha Kamaa akafumba macho akaikariri karibu karatasi nzima, kwa sauti ileile ya kukariri darasani, na alipokwama Bi Rukia akakumbuka akamalizia. Nimekaa na Kamaa miaka tisa. Huyu mtu hata gazeti hasomi!

Nikazishona kurasa kwa uzi wa nta, nikakivika ngozi ya mbuzi. Sijawahi kushona kitu kwa makini vile.

Niliwapelekea Makadara mchana. Bi Rukia akaniambia nikae, nimekihangaikia, nisikie. Akasoma. Wakuu, mimi niliyesoma mwongozo, siku hiyo ndipo nilijua tulikuwa tumebeba nini kwenye mikoba. Yule mama aliandika! Nilijisikia vibaya na vizuri pamoja.

Bi Salma alikuwa amefumba macho. Tukafika kwenye ile karatasi ya mkono, kwenye sweta. Akafumbua.

"Sikusema hivyo."

Bi Rukia akainua macho kutoka kwenye karatasi.

"Nilisema, nirudishie jioni. Na hukunirudishia."

Nilitazama sakafu. Bi Rukia akaweka kitabu chini, akainuka, akavua sweta aliyokuwa ameivaa, akamfunika nayo dada yake mabega.

"Samahani, dada. Nimechelewa."

Bi Salma akaishika ile sweta shingoni. "Haya, soma. Usinipotezee mahali."

Nilitoka hapo machozi yananilenga, sioni haya kusema.

Nilichojifunza ni kwamba jina kubwa linaweza kutoka kwenye silabasi, likatoka madukani, likaishia ndani ya kiatu changu namba nane, na maneno yenyewe yawe yameketi kibanda cha pili yakigonga soli. Bi Rukia hakulalamika hata mara moja kwamba amesahaulika, na kwa hilo namvulia kofia. Mimi siku hizi nasoma karatasi kabla ya kuijaza, kazi imepungua kasi.

Sasa nyinyi mliokariri ile sweta, kitabu mnakijua. Mwenye nacho aangalie ukurasa wa 63 aweke picha hapa chini. Bi Rukia hauhitaji, anasema wa Kamaa unamtosha. Ni mimi nataka kuhakikisha, maana nahisi Kamaa alistahili zile alama nne.