Sauti Isiyosalimia

Niliacha kazi ya kompyuta mgodini Geita, nikarudi Shinyanga kutengeneza programu za simu, na nilitamba kweli. Mwenzangu niliyeshirikiana naye aliandika msimbo, yaani maagizo yanayoiendesha programu. Mimi nilisimamia yaliyobaki: picha, sauti, maneno, rangi. Kazi yangu aliiita mapambo. Nikamwambia asubiri.

Programu yetu ya kwanza iliwakumbusha wafugaji chanjo za ng'ombe, na ilizungumza Kisukuma. Kikundi cha wafugaji wa Tinde kilikubali kuijaribu asubuhi moja. Wakiikataa, ningerudi Geita nimeufyata mkia.

Mzee wao akawa wa kwanza kuishika simu. Sauti ya binti tuliyemkodi kurekodi maneno ikamwambia abonyeze picha ya ng'ombe. Mzee akairudisha mezani.

"Mtoto wa nani huyu? Ananiamuru, hata hajanisalimia!"

Wenzake wakaguna. Hakuna aliyeigusa tena. Mwenzangu, jasho linamtoka, akafungua kompyuta ili aanze kufumua msimbo.

"Usifumue kitu," nilimwambia. Nilikuwa na hasira, maana mzee alisema kweli. Kwetu, ukimwagiza mtu mzima bila salamu umemtukana. Lakini sikubabaika. Sauti zote nilikuwa nimezitenga na msimbo, kila moja kwenye folda yake, na kubadilisha moja ni kama kubadilisha sufuria jikoni bila kubomoa jiko.

Nikawaomba wazee wanywe chai kwanza. Nyuma ya nyumba tulimokutana nikapiga goti, kama mama alivyonilea mimi binti yake kuwaamkia wakubwa, nikarekodi salamu kwa sauti yangu mwenyewe: ya kumwamkia baba, ya kumwamkia mama, na ya kuwasalimia vijana wa rika langu. Sauti ya mtu aliyepiga goti ni tofauti, mtanibishia bure. Mwenzangu akaongeza mistari michache tu, simu ichague salamu kwa umri na jinsia ya aliyejiandikisha.

Mzee akaishika tena kwa shingo upande.

"Mwangaluka, baba," simu ikamwamkia kwa Kisukuma, kisha ikanyamaza kidogo. Kimya hicho nilikiacha makusudi.

Mzee akaitikia, akauliza na habari za nyumbani. Simu haikumjibu. Watu wakacheka, naye akacheka, akabonyeza ng'ombe.

"Mtoto wa nani huyu?" akauliza tena.

"Ni mimi, baba," nikasema, nikapiga goti mbele yake.

"Basi kaa hapa, utufundishe."

Geita sijarudi mpaka leo.